Pole, Jirani

Wengine wasifu kahawa ya Kibosho. Mimi nasifu zao lisilohitaji mvua wala mbolea: ile raha ndogo inayonitekenya kifuani nikisikia mwenzangu kaanguka. Haina kodi, wala haimuumizi mtu kichwa asubuhi kama mbege.

Msimu wake ni Desemba. Wana wa vihamba wanapanda kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi, barabara za Marangu na Machame zinafurika magari, na sisi tuliobaki tumekaa kilabuni tunahesabu. Huyu mwaka jana alikuja na Prado. Mwaka huu kashuka kwenye kosta na begi moja, anasema gari liko gereji. Gereji! Neno tamu kuliko ndizi mbivu. "Meku, pole sana," tunamwambia, tunamsogezea kata, tunamuuliza ni gereji ipi. Angekuja na Prado tungemwomba mchango wa harusi. Kwa kuwa kaja na kosta, leo tunamnunulia sisi. Nitajieni wema gani mwingine unaomnywesha aliyefilisika.

Wasomi nao wameionja raha hii. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima wetu wa Kilimanjaro, akaandika kwamba una theluji, hapa karibu na ikweta. Kule London, William Desborough Cooley, bingwa wa ramani za Afrika ambaye Afrika yenyewe hakuikanyaga, akamkejeli. Mwaka 1862 msafiri Mjerumani, von der Decken, akaupanda hadi mita kama 4,300, theluji ikamdondokea. Cooley akaendelea kubisha. Namhusudu: kucheka miaka yote hiyo bila kulipa hata nauli ya meli! Na sasa ni zamu yetu kumcheka yeye.

Hata mlima una kilele chake cha kuchekwa. Wazee husimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, mpaka Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana kichwa chake kimechongoka vile. Wageni hulipa kumpanda Kibo. Sisi tunamtazama Mawenzi bure.

Juzi pikipiki yangu ilinibwaga mtaroni, mbele ya kilabu kabisa. Sijajifuta tope, kata tatu zimeshanifikia, na nyuma yake sauti nyororo ya yule wa kosta: "Pole, Meku. Utaipeleka gereji ipi?"