Haki ya Kuona Ramani na Misukosuko Yake

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitilia nguvu haki hiyo kwa kuiagiza ofisi ya umma itoe uamuzi ndani ya siku 21 tangu kupokea ombi. Kwa hiyo mkazi anayetaka kuona ramani za jengo zilizoidhinishwa na kaunti, yaani michoro iliyogongwa mhuri kabla ya msingi kuchimbwa, huingia masjala, chumba cha kuhifadhia majalada, akiwa na kila kitu isipokuwa jalada lenyewe.

Kizingiti cha kwanza ni swali la karani: "Unaitakia nini?" Kifungu cha 4 cha sheria hiyo kinasema kwamba haki haiathiriwi na sababu ya mwombaji, wala na ile ambayo ofisi inadhani anayo, lakini anayejibu kwa kukitaja kifungu hicho hushukiwa papo hapo, mara kuwa mpelelezi, mara mwanahabari, mara mrithi aliyekuja kufufua kesi ya babu, naye akisema ukweli, kwamba choo chake kimeziba na fundi hajui bomba la majitaka lilipitishwa wapi, haaminiwi hata kidogo.

Kizingiti cha pili ni nambari. Majalada hupangwa kwa nambari ya ploti, na ploti ikigawanywa kila kipande hupewa nambari mpya, hivyo nambari iliyo kwenye hati ya mwombaji haina jalada, na nambari yenye jalada haina tena ploti. Anayejua undugu wa nambari hizo mbili ni karani mmoja mkongwe, naye yuko likizo. Hapo ndipo hubainika kwamba hifadhi halisi ya kumbukumbu si rafu bali ni kichwa cha mtu anayekaribia kustaafu. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari kiliziagiza ofisi za umma ziweke kumbukumbu zao kwenye kompyuta ndani ya miaka mitatu, na ziko ofisi zilizotii agizo hilo kwa njia yao, kwa kuwa kompyuta ipo mezani na majalada yamerundikwa juu yake.

Jalada likipatikana hatimaye, ramani huwa pana kuliko mashine ya kunakili, kwa hiyo hunakiliwa vipande vipande, na bomba linalotafutwa huishia kwenye ukingo wa kipande kimoja bila kutokeza kwenye kingine. Isitoshe, kibali kilitolewa kwa nyumba ya orofa mbili, ilhali mwombaji anaishi orofa ya tano. Basi haki yake imetimizwa kikamilifu, kabla ya siku ya 21, na choo bado kimeziba.