Sakafu Imenenepa

Durham, North Carolina

Mjomba,

Uliuliza kwenye simu kama nimenenepa. Sijanenepa, kilichonenepa ni sakafu.

Huku nyumba nyingi zimeinuliwa juu ya vijiukuta, chini kuna uvungu ambao mtu huingia kwa kutambaa. Humo mna mabomba, nyaya na panya wenye heshima zao. Juu yake ndiyo sakafu yangu ya mwaloni. Joto lilipoanza, kila ubao ukainua kingo. Nikitembea pekupeku, nyayo zinahesabu mbao. Wewe seremala umeshajua: chini mbao zimelowa, juu zimekauka.

Mchawi ni upepo. Wajenzi walitoboa matundu ukutani ili uvungu upumue, na sheria ndivyo zilivyotaka. Lakini Julai ya hapa ni Machi ya Tanga, tena bila bahari. Hewa hiyo nzito ikiingia uvunguni na kukuta mbao zilizopozwa na kiyoyozi cha juu, mbao zinatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walilinganisha nyumba za Princeville, jimbo hili hili: uvungu uliozibwa ulikuwa mkavu kuliko wenye matundu.

Fundi wa kwanza alikuja na mashine ya msasa, anataka kusawazisha kingo siku hiyo hiyo. Nikamzuia mlangoni. Ukipiga msasa mbao zingali na maji, zikikauka kingo zinashuka, katikati panabaki kitambi.

Wa pili ndiye fundi. Alianzia nje: akatengeneza gata, akainamisha udongo sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Kisha akajitosa uvunguni, akatandika nailoni nene udongo wote, akaipandisha ukutani, akaziba matundu na kuacha mashine ya kukausha hewa, unyevu usifike asilimia 60. Inanguruma usiku kucha na inakula umeme kuliko mimi ninavyokula ugali. Msasa tutapiga kipimo kitakaposema mbao zimekauka, si kabla.

Nasikia unakuja Julai. Najua tabia yako ya kuamka alfajiri na kufungua kila dirisha ili nyumba ipate hewa. Mjomba wangu, nakuomba: usifungue kitu.

Mpwa wako