Mpira Mchafu, Lawama kwa Fimbo

Mmh! Jamani, sogeeni hapa benchini niwaambie, maana moyo umenijaa. Juzi jioni nimekaa na kahawa yangu, naangalia vijana wanacheza pool pale barazani ng'ambo ya barabara. Mmoja kaweka dau lake, kalenga mpira ulionyooka na shimo. Kapiga, mpira ukaenda kombo, ukagonga ukingo, ukarudi kumtazama. Lo! Hapakutosha. Mara fimbo imepinda, mara meza imelala upande, mara mwenzake kaja na kitu mfukoni. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua!

Mzee wetu mmoja, mtu wa maneno machache, akavuka barabara, akauchukua ule mpira mweupe, akaupangusa kwa leso yake. Nyie! Leso ikatoka na bluu ya chaki, weusi wa vidole na mafuta ya chipsi. Akaionyesha kwa wote, akasonya msonyo mrefu, akarudi kukaa. Kesi ikaishia hapo.

Sasa nani kati yetu hajayaona haya? Mtu katoka kula mishikaki, hajanawa, huyo anapanga mipira. Soda imemwagika, anaifuta kwa kiganja na mchezo unaendelea. Mipira 16 inashinda ikizunguka mezani, inazoa vumbi la chaki, nyuzi za kitambaa na jasho la mtaa mzima. Mweupe ukigonga wa rangi, inatakiwa iteleze kidogo na kuachana. Pakiwa na uchafu pale inapogusana, inang'ang'aniana kufumba na kufumbua, na hapo shabaha yako imeharibika. Wachezaji wa snuka hilo wanalijua: mchezaji humwomba mwamuzi, naye huweka alama mahali mpira ulipo, akaunyanyua kwa glavu, akaufuta, akaurudisha palepale. Sisi tunaita mkosi!

Na wanaosafisha, ole wetu! Yupo aliyeisugua kwa stilwaya na mchanga kama sufuria ya pilau. Mng'aro ukatoka, namba zikafifia, mipira ikajaa mikwaruzo ambayo sasa inashika uchafu maradufu. Mwingine akaja na mafuta ya nazi, eti ipendeze. Ikapendeza kweli, halafu ikateleza kama kambale, na kitambaa cha meza kikanywa mafuta yote. Aaah, binadamu!

Inaniuma zaidi nikikumbuka ilikotoka. Zamani mipira hii ilichongwa kwa pembe za ndovu, na karne ya 19 pembe nyingi za huku kwetu zilipitia Zanzibar kwenda Ulaya na Marekani, kutengeneza vinanda na mipira ya biliadi. Watu walizibeba mabegani kutoka bara hadi pwani, na ndovu walianguka wasihesabike. Miaka ya 1860 kampuni moja ya Marekani ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata mbadala wa pembe. John Wesley Hyatt akajaribu seluloidi, na baadaye Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji, akaja na plastiki ngumu ya fenoliki. Mipira bora ya leo ni ya jamii hiyo, tena inatengenezwa hukohuko Ubelgiji. Jasho lote hilo, ndovu wote hao, halafu leo tunashindwa na kipande cha sabuni!

Dawa yenyewe iko jikoni kwa kila mtu. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni laini ya vyombo, kitambaa laini. Osha mmoja mmoja, suuza, kausha kabisa, maana mpira wenye unyevu unaharibu kitambaa cha meza. Usiiloweke kwenye dawa kali ya kung'arisha nguo, usiipake nta ya samani. Meza nayo ipigwe brashi, la sivyo mpira safi utarudi kuviringika kwenye vumbi lilelile la jana.

Basi, wenye meza, wekeni ndoo na kitambaa, mipira ioshwe walau mara moja kwa wiki. Nanyi vijana, naweni mikono kabla ya kushika fimbo. Ukikosa shimo tena, pangusa mpira kwanza, ndipo umtafute mchawi.