Muhadhara wa Wazi Kuhusu Wasifu wa Mlimbwende, Unaotolewa na Mtaalamu Pekee Aliyepo

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye naambiwa yuko njiani, waheshimiwa wazazi, mabinti mliopita mchujo, matroni wa kambi, nanyi mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha: itifaki imezingatiwa. Kama kuna ambaye sikumtaja, ajue si bahati mbaya.

Mimi sihitaji utambulisho, ndiyo maana nilimwomba mshehereshaji asome kurasa nne tu. Shahada yangu ya Elimu ya Urembo haitambuliwi na chuo chochote, kwa sababu hakuna chuo chenye mtu wa kunitahini. Nimekaa meza ya majaji ngazi ya kitongoji, nimekaa ngazi ya kanda, na kwenye fainali moja ya taifa nilikaa safu ya tatu, nyuma kidogo ya mtu aliyekuwa nyuma ya mdhamini. Kwa hiyo nikisema jambo kuhusu mrembo, msilichukue kama maoni. Ni kipimo.

Mada yetu ni wasifu wa mlimbwende: yale maelezo anayosoma mshehereshaji wakati binti anakuja mbele kwa kiatu kirefu, akitabasamu na kuomba Mungu zulia lisijikunje. Yana mambo matatu. Ametoka wapi, anataka kuwa nani, na ni tukio gani hatalisahau maishani. Watu wasiosoma hudhani binti hujaza fomu hiyo kwa kueleza maisha yake. Ndugu zangu, maisha hayaingii pale. Fomu ina mistari mitano.

Tuanze na historia, kwa sababu msomi asiyeanza na historia hulipwa kidogo. Miss World ilianza London mwaka 1951, mikononi mwa Eric Morley, kama kinogesho cha tamasha, washiriki wakiwa ndani ya vazi la kuogelea. Hapa kwetu Theresa Shayo alivikwa taji la Miss Tanzania mwaka 1967. Mtakumbuka kwamba mwaka huohuo lilitoka Azimio la Arusha, na taji na Azimio havikuweza kulala nyumba moja. Mwaka uliofuata Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ukapiga vita sketi fupi, mawigi, mkorogo na suruali za kubana. Mashindano yakalala hadi mwaka 1994, Hashim Lundenga na wenzake wa kampuni ya Lino walipoyafufua na Aina Maeda akavaa taji. Miaka ishirini na saba taifa lilikaa bila mrembo rasmi! Wanawake wazuri walikuwepo, naambiwa, lakini bila majaji nani angejua?

Sasa asili. Asili ya mlimbwende lazima iwe na bibi. Bibi awe kijijini, awe ndiye aliyemlea, na awe hai au marehemu kulingana na muda aliobakiwa nao mshehereshaji. Baada ya bibi huja mambo apendayo, nayo ni matatu nchi nzima: kusoma vitabu, kusafiri na kuogelea. Nimewahi kupokea fomu ya binti ambaye kwao maji hununuliwa kwa ndoo, akaandika kuogelea. Nilimpa alama zote. Huo ndio moyo wa ushindani.

Tatizo ni wale wanaokuja na asili zao wenyewe. Mwaka 2007 alitokea Flaviana Matata, kichwa kimenyolewa, elimu yake ufundi wa umeme. Mimi nilikwisha kuonya kwamba taji hushikwa na nywele. Hiyo ni fizikia. Akashinda Miss Universe Tanzania, ya kwanza kabisa, akapanda ndege kwenda Mexico City na upara wake, akaingia kumi bora ya dunia na kumaliza wa sita. Inaonekana majaji wa kule hawakusoma fizikia. Na katika maisha ya binti huyo kuna jambo ambalo fomu yangu haikuliandalia nafasi: mama yake alikufa MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, Mei 1996. Jambo kama hilo halisomeki kwa sauti ya tangazo la sabuni. Baadaye alianzisha taasisi inayosaidia wasichana kubaki shuleni. Tuendelee, muda ni mchache.

Ndoto. Hapa, mabinti, andikeni: "Kusaidia watoto yatima." Msiongeze neno. Tangu Julia Morley alipoingiza Miss World suala la urembo wenye kusudi, mwaka 1972, kila mshiriki sharti awe na mradi wa kijamii, na mradi mwepesi kuliko yote ni safari ya kituo cha yatima: mchele, mafuta ya kupikia, sabuni za miche, mpiga picha. Sheria yangu ya kitaalamu inasema mfuko wa mchele usizidi uzito ambao binti anaweza kuuinua huku akitabasamu. Mpiga picha afike kabla ya mchele. Watoto wakae mbele, wafupi kwanza.

Ndoto ya aina hiyo haina hatari, kwa sababu hakuna anayerudi mwaka unaofuata kuuliza imefikia wapi. Lakini chunguzeni hawa waliovaa mataji, mwone walivyoharibu taaluma. Basila Mwanukuzi, Miss Tanzania wa 1998, alirudi mwaka 2018 akalichukua shindano lenyewe na kuliandaa, halafu mwaka 2021 akateuliwa mkuu wa wilaya ya Korogwe. Hoyce Temu wa 1999 aliteuliwa balozi, akapelekwa Geneva. Faraja Kotta wa 2004 alianzisha Shule Direct, wanafunzi wa sekondari wakawa wanasoma kwa simu. Nancy Sumari wa 2005 alikwenda Sanya, China, akarudi na taji la Miss World Afrika, kisha akaandika kitabu cha watoto kiitwacho Nyota Yako. Miss World Afrika nilimwelewa. Kitabu, je? Nani alimtuma?

Mwaka 2006 ndio ulionichosha kabisa. Wema Sepetu alishinda, Jokate Mwegelo akawa wa pili. Kwa mujibu wa nadharia yangu, mshindi wa pili hupewa shada la maua, hulia kidogo nyuma ya pazia, na hapo ndipo historia yake inapokoma. Mwaka 2018 Jokate akawa mkuu wa wilaya ya Kisarawe, akaanza kampeni ya kufuta ziro kwenye mitihani ya wanafunzi. Wakuu wa wilaya wawili kutoka jukwaa moja! Nimesoma mamia ya fomu na sijapata kuona hata moja iliyosema: "Ndoto yangu ni kukagua matundu ya vyoo vya shule." Wanatuficha, mabibi na mabwana. Wanaandika yatima, kumbe wanawaza mambo mengine.

Nisije nikasahau Millen Magese, mrembo wa 2001. Huyu alijitokeza hadharani kueleza kwamba tangu usichana wake anaumwa endometriosisi, ugonjwa unaowatesa wanawake wengi kila mwezi huku wakiambiwa wavumilie, na kwamba amepasuliwa mara nyingi. Sasa, mrembo haumwi. Hili liko wazi katika kanuni. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi nimeuchunguza mkakasi maisha yangu yote na sijaona sababu ya kuufungua. Yeye akaufungua mbele ya kamera, na wanawake wakaanza kuulizana wao kwa wao na kwenda hospitali. Mnaona madhara.

Nafika kipengele cha tatu, tukio lisilosahaulika, ambacho hufungamana na kile kipimo kikuu cha kujieleza. Hapa sitatoa nadharia. Nitawapa kisa, ili mjue wasomi tunavyoteseka.

Ilikuwa ngazi ya kitongoji, ukumbi wa baa, jenereta likinguruma nyuma ya jukwaa. Maswali tuliyaandika kwa Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza ndiyo lugha ya akili, tukayakunja ndani ya hotpoti. Tano bora wakapangwa. Namba saba akachota swali kuhusu vijana na mabadiliko ya tabianchi. Akalisoma kimya, akamrudishia mshehereshaji kikaratasi, akasema, "Naomba nijibu kwa Kiswahili." Vijana wa nyuma wakapiga miluzi. Mimi nikafungua kalamu.

Akasema: "Kwetu ni Bonde la Msimbazi. Mvua ikianza, mama anapandisha godoro juu ya kabati, sisi tunapanda mezani. Mwaka juzi maji yalilifikia kabati. Mdogo wangu alikuwa darasa la nne, alishika begi lake la shule kichwani usiku kucha, hakuliweka chini mpaka asubuhi. Hilo sitalisahau. Kwa hiyo mimi nikisikia watu wanazungumzia tabianchi kwenye mkutano, huwa najiuliza kama wamewahi kupandisha godoro."

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama juu ya viti, wahudumu waliacha trei. Hata jaji mwenzangu, mama mmoja mwenye saluni yake, alikuwa anajifuta macho kwa karatasi ya alama. Mimi sikutikisika. Nilimpa mbili kwa kumi: moja kwa urefu, moja kwa kutamka "tabianchi" bila kukwama. Hakutaja yatima. Hakuwashukuru majaji kwa swali zuri. Na godoro, jamani, si msamiati wa jukwaani.

Aliyeshinda alijibu kwa Kiingereza. Alitushukuru majaji, akamshukuru Mungu, akawashukuru wadhamini, akasema dunia inahitaji upendo, muda ukaisha. Swali lake lilikuwa linahusu foleni za magari. Nilimpa tisa, na ile moja nikaibakiza ili asije akajisahau. Msimcheke, hata Marekani, mwaka 2007, mshiriki wa Miss Teen USA kutoka South Carolina aliulizwa kwa nini Wamarekani wengi hawawezi kuonyesha nchi yao kwenye ramani, akajibu kwa kuizungukia Afrika Kusini na Iraki, na jibu lake likatazamwa dunia nzima. Nani leo anayakumbuka majibu ya waliojibu sawasawa?

Namba saba nilikutana naye mlangoni, viatu mkononi. Vilikuwa vya kukodi, alitakiwa kuvirudisha Kariakoo asubuhi. Nikamweleza kwa upole wa kibaba kwamba ana umbo zuri lakini hana wasifu. Akaniuliza, "Shikamoo baba, hivi wewe unaishi wapi?" Nikamwambia ninapoishi. Akasema, "Aa, mlimani," akaondoka. Mpaka leo sijaelewa hilo lina uhusiano gani na urembo.

Nimalizie kwa jambo la kiutawala. Kuanzia Jumatatu nafungua darasa la kuandika wasifu kwa walimbwende wa ngazi zote. Bibi wa kijijini tunaye tayari, kwa wale wasiokuwa naye. Ada italipwa nusu kabla, nusu baada ya kuingia tano bora. Wasioingia watalipa yote, kwa uzembe. Kiswahili kitaruhusiwa wakati wa chai tu. Mnafahamu kwamba mwaka 2014 mshindi wa taifa alilivua taji wiki chache baada ya kuvikwa, kwa sababu ya zogo la umri, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likalifungia shindano kwa muda. Basi kila anayejiandikisha alete picha mbili za pasipoti, barua ya mzazi, na cheti cha kuzaliwa. Kiwe kimoja.