Msomi Mwenye Chunusi

Umri wa Adrian Mole ni miaka 13 na robo tatu, na hiyo robo tatu usithubutu kuisahau. Ndiye mwenye shajara ya kubuni iliyochapishwa na mwandishi Sue Townsend mwaka 1982, kijana wa Kiingereza aliyejitawaza msomi wakati chunusi ndizo zilizotawala uso. Alituma mashairi BBC. Wakamjibu kwa adabu, naye akajiona amefika. Mama yake na jirani, Bwana Lucas, wanacheka jikoni, wananyamaza akiingia. Msomi wetu anayanakili yote kwa uaminifu, wala haelewi kitu. Kwa jicho hilo angefaa sana kuwa mchambuzi wa siasa. Siku alipojaribu kunusa gundi, pua ikanasa kwenye ndege ya kuchezea, ikabidi baba ampeleke hospitali kunasuliwa.

Ungedhani haya ni ya ujana, yatapita. Kitabu kingine cha Townsend, cha mwaka 2009, kinamkuta na miaka 39 na robo, bado robo anaihesabu, na ulimwengu bado haujagundua kipaji chake. Basi nanyi washairi wa makundi ya WhatsApp, mnaotumwagia beti kumi kabla ya adhana ya alfajiri: Adrian anawasalimu.