Baraza Limeketi, Shimo Lipo

Hongereni, waheshimiwa wa mabaraza ya vijiji vya Uingereza. Sheria ya 1894 iliwazaa, na leo mnasimamia benchi, makaburi, vishamba vya mboga na ubao wa matangazo. Barabara? Hiyo ni ya wakubwa, huko halmashauri ya kaunti. Basi shimo la mbele ya kanisa linajadiliwa kila kikao, linaingia kwenye muhtasari, barua inapelekwa kaunti, na shimo linazidi kunona.

Kinyesi cha mbwa nacho kina ajenda yake. Mwenye mbwa anakizoa kwa adabu zote, anakifunga fundo kwenye kifuko cha plastiki, kisha anakitundika kwenye tawi la mti kama pambo la Krismasi. Kijiji kizima kinamjua. Kikaoni hatajwi mtu.

Haki yenu mpewe, lakini. Tangu 2008 mnaweza kununua kibanda chekundu cha simu kwa pauni 1 tu. Simu inang'olewa, inawekwa mashine ya kushtua moyo. Mmefanya la maana: anayengoja lile shimo lizibwe ataihitaji.