Ukoo wa Shu

Kabichi, ambayo huku Masisi tunaiita shu, ndiyo mtoto aliyefanikiwa katika familia ya haradali: hupakiwa kwenye chukudu na kwenda sokoni kwa heshima zote. Ndugu zake wa porini hubaki kando ya shamba wakingoja jembe. Wawili kati yao, Capsella bursa-pastoris na Cardamine hirsuta, ndio walioniponza ukweni.

Shemeji yangu wa Walikale alikuwa amebisha kwenye simu kwamba magugu yote ni yaleyale, nami nikayatia haya mawili kwenye mfuko wa plastiki, nikapanda pikipiki kumpelekea ushahidi. Kwa kiasi fulani ana haki. Yakiwa machanga, yote mawili hutandaza majani chini, na mama mkwe, anayewatambua ng'ombe wake hata gizani, huyang'oa pamoja bila kuuliza ukoo. Maua nayo ni meupe, madogo mno, petali nne zikikaa msalaba. Kitabu cha mimea kinashauri uhesabu stameni: Capsella sita, Cardamine kwa kawaida nne. Mwandishi wake hakuwahi kuhesabu akiwa ameinama kwenye mteremko, mbuzi akimtafuna koti.

Siri iko kwenye maganda. Ya Capsella ni bapa, yenye umbo la moyo. Yakikauka hupasuka kwa utulivu. Ya Cardamine ni membamba, yamesimama wima, na yakikomaa, mguso tu unatosha: kuta zake hujikunja ghafla na kurusha mbegu. Mwaka 2016 watafiti wa Cologne, Ujerumani, walieleza kwamba mbegu hizo hufikia kasi ya zaidi ya mita 10 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 36 kwa saa, mwendo ambao pikipiki yetu haikuuota tangu Nyabiondo.

Kila shimo la barabara lilikuwa mguso. Mfuko ulitatarika mgongoni mwangu hadi dereva akasimama kukaza nati ambazo hazikulegea. Tulipopita Kashebere, Cardamine ilikuwa imemaliza risasi zake zote.

Shemeji alipokea ushahidi kwa mikono miwili, akaukagua kama hakimu.

"Huyu wa moyo amefika na mizigo yake, njo mutu wa heshima. Huyu mwingine amemwaga kila kitu njiani, amefika mikono mitupu."

Akachungulia tena ndani ya mfuko.

"Shemeji, na fromaji ya Masisi iko wapi?"